Kitabu cha Buluu Ndani ya Boksi la Viatu

Kaka yangu hawezi kupita mbele ya boksi tupu la viatu bila kulipima kwa macho. Akiona kona zimekaza na kifuniko hakichezi, atalichukua, atalikung'uta, atalinusa, kisha ataliweka kwapani kama mtu aliyempata kuku wake aliyepotea. Kazini wanamwita Maboksi. Ni mtunza stoo wa duka la viatu, kazi aliyoianza ndevu zikiwa bado za kubahatisha, na humo stoo, kati ya ngazi na rafu, ndimo alimoota mvi.

Nyumbani kwake maboksi hayana viatu. Yana vitabu.

Kuna bibi mmoja mwandishi wa hadithi za maajabu. Watu wengi wanamjua kwa vitabu vyake vinene vya falme na majoka, vile ambavyo kimoja kikikuangukia mguuni utachechemea. Kaka hana habari navyo. Yeye anapenda hadithi zake fupi, zile unazozimaliza kabla chai haijapoa: ya fundi aliyetengeneza funguo za milango ambayo bado haijajengwa, ya mji uliokuwa ukihama kila mvua ikinyesha. Hizo hadithi fupi wachapaji wadogo wadogo huzitolea matoleo maalumu. Nakala huwa chache, jalada la kitambaa, kurasa zimeshonwa kwa uzi, picha zimepigwa chapa kwa ubao wa kuchonga, na mwishoni sahihi ya Bibi mwenyewe kwa wino. Hadithi moja inaweza kutoka mara tatu, kila mara na vazi lake, na kaka anazitaka zote tatu.

"Si maneno ni yaleyale?" nilimwuliza siku moja.

"Wewe una magauni mangapi?"

"Ya kutokea? Mawili."

"Na mwili?"

"Nyamaza huko."

Akitaka kugusa kitabu, ananawa mikono, anaifuta mpaka katikati ya vidole, kisha anavaa mikononi zile soksi nyembamba wanazopewa wateja dukani wajaribie viatu. Ukimkuta amekaa kitandani na soksi mikononi, anageuza kurasa taratibu, utadhani akili zimemtoka. Ndani ya kila boksi anatia vile vifuko vidogo vya punje vinavyokuja na viatu vipya, vya kuzuia unyevu. Na kila hadithi anayo mara mbili: nakala ya kuweka, ambayo ni hilo toleo maalumu, na nakala ya kusoma, ya karatasi tu, ambayo hata ukiimwagia chai hagombi.

Hizo nakala za kusoma ndizo zilizonifundisha herufi. Mimi sikupelekwa shule. Kwetu alipelekwa mtoto mmoja, na mmoja huyo alikuwa wa kiume. Nilijua kusoma nikiwa mtu mzima, nimerudi kwa kaka na begi moja na cherehani, baada ya ndoa yangu kufa. Alinipa chumba chake cha kulala, yeye akahamia sebuleni na maboksi yake. Jioni baada ya kazi alikuwa akinikalisha mezani, anaweka kidole chini ya neno, ananingoja. Hakunicheka hata mara moja. Kwa hilo simdai neno.

Nitaieleza ndoa yangu kwa ufupi kwa sababu haistahili urefu. Mume wangu alikuwa dereva wa malori. Alikuwa na nyumba nyingine, mke mwingine na watoto, na mtaa mzima ulijua isipokuwa mimi. Sikuumia sana kwa sababu yake kama nilivyoumia kwa dada yake. Huyo wifi yangu alikuwa akija jikoni kwangu, anakunywa chai yangu, anaomba sukari iongezwe, na asubuhi ileile ametoka kumbeba mtoto wa mwenzangu. Yalipofumuka nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Yule ni ndugu yangu. Ulitaka nifanyeje?" Tangu hapo mtu akinichekea naangalia kwanza mikono yake.

Sasa basi, Mpima Macho.

Huyo mwanamke anafanya kazi duka la miwani, ng'ambo ya barabara na duka la kaka. Anakukalisha kwenye kiti, anakuwekea vioo puani, anakuuliza hiki au hiki, kipi bora. Siku moja mchana alivuka kwenda kununua viatu vya kazini. Muuzaji akaita stoo, kaka akateremka na boksi, likafunguliwa mbele ya mteja, na ndani hakuna kiatu. Ndani kuna kitabu chembamba cha kitambaa chekundu, kimelala juu ya vifuko vyake. Kaka alikuwa amekibeba kazini kukitazama wakati wa chakula, akachanganya maboksi. Muuzaji alicheka mpaka akakaa chini.

Mwanamke hakucheka. Kaka mwenyewe ndiye aliyenisimulia, macho yanang'aa. Yule mwanamke alikitazama kitabu bila kukigusa, akasema, "Hiki ninacho. Cha buluu unacho?"

"Alikuuliza jina lako kwanza?" nikasema.

"Jina la nini?"

"Kaka. Mtu anakutana na wewe mara ya kwanza, hajui unaitwa nani, anauliza cha buluu. Na miguu yote iliyomo mjini humu, boksi likaenda kwenye mguu wake."

"Mimi ndiye niliyekosea boksi, dada."

"Ndivyo unavyodhani."

Niwaeleze hicho cha buluu. Ni hadithi ya mji unaohama. Toleo lile halikuuzwa dukani kamwe. Waligawiwa watu waliokuwemo ukumbini siku Bibi aliposoma hadithi zake mbele ya watu, tena zilikuwa nakala chache kuliko viti. Kaka alikuwa kwenye foleni ngazini wakati mkanda wa kiatu cha Bibi ulipong'oka. Watu wakasimama na vitabu vyao vya kutiwa sahihi, wanatazamana. Kaka akapiga magoti, akatoa tyubu ya gundi mfukoni, ambayo hatembei bila hiyo, akabandika, akashikilia mpaka ikashika. Bibi akamwandikia kwenye ukurasa wa mwisho: "Kwa mwenye gundi." Kaka akifika hapo katika kusimulia, huwa anasita kidogo na kukohoa.

Mpima Macho alikuwa na matoleo yote isipokuwa hilo. Yote. Sasa niambieni nyinyi.

Akaanza kuja nyumbani. Siku ya kwanza alileta mkate, akanisalimu vizuri, akasema, "Habari za hapa, wifi?"

"Wifi wa nani?" nikamwuliza.

"Samahani. Ulimi umetangulia."

"Uurudishe."

Akacheka. Kaka akanikanyaga mguu chini ya meza. Nilimwangalia alivyokula: hakuangaza macho kwenye maboksi hata kidogo. Mwingine angeona ni adabu. Mimi niliona mtu anayejizuia. Alipokwenda kunawa nikamwambia kaka asimwonyeshe cha buluu. Akamwonyesha. Wakavaa soksi mikononi wote wawili, wakakaa bega kwa bega kama wagonjwa, na yule mwanamke akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti ndogo. Sauti yake ilitetemeka. Nikajiuliza: inatetemekea kitabu, au inamtetemekea mwenye kitabu? Kwa sauti hutajua.

Mambo yakaenda mbio. Kaka, ambaye tulishamzoea kama kabati, akanunua shati. Akaanza kupiga mluzi. Kisha akaniambia wanataka kuoana, na kwamba yeye Mpima Macho atahamia hapa. Nikaitikia vizuri, nikaenda chumbani, nikakaa kwenye kitanda ambacho ni cha kaka, katika chumba ambacho ni cha kaka. Mke akiingia, mume hataendelea kulala sebuleni na maboksi. Nilijua mimi ndiye nitakayehama. Kwenda wapi, hilo sikulijua.

Lakini kabla sijasema neno, mwanamke akatoa sharti ambalo lilinishangaza. Alilitoa mezani, mbele yangu.

"Kabla hatujaoana, uza cha buluu," akamwambia kaka.

Kaka aliweka kikombe chini. "Niuze?"

"Umuuzie mtu mwingine. Mtu wa mbali. Sitaki kiwemo nyumbani nikiingia."

"Wewe? Si ndicho pekee huna?"

"Ndiyo maana."

Nilitafuta ujanja ulipo. Usiku nilikosa usingizi nikiutafuta. Labda huyo mtu wa mbali ni binamu yake. Labda kitazunguka, kitarudi kwa mlango wa nyuma. Ila kaka akasema yeye mwenyewe amempata mnunuzi, mkusanyaji wa mji mwingine, na siku iliyofuata akabeba kifurushi kwenda posta. Tulimwona wote. Mpima Macho alisimama dirishani akimtazama mpaka akakata kona, kisha akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Nikasema moyoni: ama huyu mwanamke ni mkweli, ama ni hodari kuliko mume wangu.

Baada ya hapo shangazi akapiga simu.

"Mwambie kaka yako ahsante, kandambili zimefika," akasema. "Ila mwambie zote mbili ni za kushoto."

"Kandambili gani, shangazi?"

"Hizo alizotuma kwa posta. Kifurushi kizuri, amekifunga kama dhahabu."

Nilishika simu muda baada ya yeye kukata. Nikajiambia kaka huenda posta kila mara, huenda vifurushi vilikuwa viwili. Nilitaka sana viwe viwili.

Kisha nikaenda kwenye sanduku langu la vitambaa kutafuta bitana ya koti la mteja. Huko chini, kwenye vipande nisivyovigusa ila kwa nadra, vidole vikakuta kifuko kidogo cha punje. Mimi sitii vifuko kwenye sanduku langu. Nikainua bitana, nikainua flana, nikaliona boksi. Kona zimekaza, kifuniko hakichezi. Sikuhitaji kulifungua, lakini nilifungua.

Kaka aliporudi kutoka kazini nilikuwa nimekaa juu ya sanduku.

"Kumbe kandambili," nikasema.

Alisimama mlangoni na begi lake. Hakujaribu hata kuuliza kandambili gani.

"Dada, hukuona kitu."

"Nimeona."

"Basi umeona kitambaa. Sanduku la vitambaa lina kitambaa." Akajaribu kucheka, hakikutoka kitu. "Nilifika mpaka mlango wa posta nikiwa na vifurushi vyote viwili, cha kandambili kikiwa ndani ya begi. Mguu ukakataa. Akishazoea hapa, mwaka ukipita, nitamwambia. Tutacheka."

"Mimi sikucheka."

"Wewe yalikuwa mambo ya mwanamke. Hiki ni kitabu!"

"Ni uongo uliowekwa ndani ya sanduku langu."

Akaweka begi chini. Kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma, "Nani alikupa chumba hiki? Nimewahi kukuomba chochote? Mimi ni ndugu yako."

Maneno yale nilikuwa nimeshayasikia. Yalikuwa yametoka kwenye mdomo mwingine, jikoni kwingine, juu ya chai yangu mwenyewe.

Miezi yote ile nilimlinda kaka asije akatapeliwa na mwanamke. Nilihesabu macho ya yule mwanamke yanaangalia wapi, nilipima sauti yake, nilikagua mkate wake. Kumbe mlango niliokuwa nikiulinda, mwizi alikuwa ndani. Na mwizi huyo ndiye aliyenifundisha kusoma.

Siku kadhaa zikapita. Nilishona. Nilikosea zipu ya suruali ya mteja, nikaifumua.

Siku ya kuleta vitabu ikafika. Mpima Macho alikuja mchana na masanduku mawili, kaka akatundika ubao wa rafu, ubao ukakosa skurubu, akatoka kwenda kununua. Tukabaki wawili. Alikuwa akivipanga vyake kimoja kimoja, soksi mikononi. Alipofika mahali fulani akaacha nafasi, upana wa kidole, akasimamisha hapo kasha tupu la miwani ili vitabu visiegemeane.

"Hapo pa nini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Pa cha buluu. Nimezoea kupaacha." Akageuka. "Wifi, tangu siku ya kwanza unaniangalia kama noti bandia. Niulize unachotaka kuniuliza, tumalize."

Nikamwuliza. "Ulimfuata kaka yangu au kitabu?"

Hakukasirika. Alivua soksi moja, akaikunja, akaikunjua.

"Kitabu," akasema. "Mwanzoni, kitabu. Yeye anaongea, mimi nafikiria rafu yangu. Halafu siku moja tukakaa mchana mzima, nikarudi kwangu, nikagundua sikukiulizia. Niliogopa, wifi. Sikujua kama nimempenda au nimezoea kungoja. Ndiyo nikamwambia akiuze. Nilisema kikienda nami nikabaki, basi nitakuwa nimejijua."

"Na umejijua?"

"Si unaniona nimebaki?"

Niliinuka. Sikuwa nimeamua, au labda niliamua zamani, siku ile jikoni kwangu. Nikaingia chumbani, nikafungua sanduku, nikarudi na boksi, nikamwekea mapajani.

"Hakikuuzwa," nikasema. "Kilichokwenda posta ni kandambili za shangazi."

Alifungua. Kwanza alitazama tu, mikono hewani. Kisha akakigeuza mpaka ukurasa wa mwisho, akasoma maneno yale ya Bibi, akafunga. Kaka akaingia wakati huohuo na skurubu kwenye karatasi. Aliona boksi, akaniona mimi.

"Dada!"

"Usiniite."

"Miezi yote hii nimekuwa nikijipima mimi," Mpima Macho akamwambia, taratibu, kama anavyowaambia wateja wake. "Kumbe wewe hukukaa hata kwenye kiti."

Akarudisha vitabu vyake kwenye masanduku, kimoja kimoja, bila haraka, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Boksi la cha buluu aliliacha mezani. Kasha la miwani alilisahau kwenye rafu.

Kaka hakunisemesha. Alikula amesimama. Neno moja tu alinitupia: "Umenivunjia nyumba."

"Nyumba gani?" nikamjibu. "Ile iliyojengwa juu ya sanduku langu?"

Lakini nilianza kufungasha. Nilitia mikasi kwanza, maana mikasi ndiyo kazi yangu. Nilingoja aniambie niondoke. Hakuniambia, wala hakuniambia nibaki. Mchana wakati wa chakula, muuzaji wa duka lao alinisimulia, Maboksi alikuwa akivuka barabara na kwenda kukaa kwenye kiti cha kupimia macho. Haongei. Mteja wa kweli akija anampisha. Siku za mwanzo Mpima Macho alimwacha akae kama koti lililosahauliwa. Baadaye, alisema muuzaji, akaanza kumwekea vioo puani na kumuuliza hiki au hiki.

"Na yeye anasema nini?"

"Anasema haoni vizuri."

Siku moja wakaja pamoja. Sikujua nitoe sura gani, nikaendelea na cherehani. Mpima Macho akaweka lile boksi juu ya meza yangu ya kushonea, juu kabisa ya gauni la mtu.

"Sitaki kiuzwe tena," akasema. "Nimesoma alichoandikiwa, hicho si cha kuuza. Lakini kikikaa kwenye rafu yake mimi nitajishuku, na kikikaa kwenye yangu atanishuku yeye. Kitunze wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Wewe hutuamini wote wawili."

Kaka aliangalia sakafu. "Na hicho chumba ni chako," akasema. "Tutaziba sehemu ya sebule kwa ukuta wa mbao. Nimeshaongea na seremala."

"Umeongea naye kweli, au umemtumia kandambili?"

Mwanamke ndiye aliyecheka kwanza.

Wameoana sasa. Wanalala nyuma ya ukuta wa mbao, na maboksi ya kaka na rafu ya mkewe, na lile kasha la miwani bado limesimama kwenye nafasi yake. Sanduku nimelitia kufuli, na ufunguo wake unaning'inia shingoni kwangu. Wakitaka kukitazama cha buluu lazima waje wote wawili, wabishe hodi, wanawe, wavae soksi zao mikononi, wakae kitandani kwangu. Mimi sitoki chumbani. Kaka ananiita askari jela. Mkewe ananiita wifi, na sijamwambia tena aurudishe ulimi wake.

Wakishaondoka nafunga mlango, nafungua boksi upya. Nanawa na mimi. Nasoma kidogo, kidole chini ya neno, pale mji unapoanza kuhama na mtu mmoja anabaki kushikilia mlango. Kisha naenda ukurasa wa mwisho kuhakikisha kilichorudi ni chenyewe. Kwa mwenye gundi. Kipo. Nahesabu vifuko, nafunga, nalivuta kufuli kuona kama limeshika kweli.